Kaseti ya Muhoroni

Otonglo, mvua ndefu za 1986

Jumatatu, 10 Machi
Daftari hili lilikuwa la kuandikia vipimo vya sare za shule. Kurasa za nyuma zimebaki tupu, na kichwa changu kimejaa, basi nitamwagia humu. Jana mvua ilinyesha kutwa. Adero ana miezi saba na meno mawili, na ananyonya kana kwamba kesho maziwa yanafungwa. Nimechoka. Baba yake, Tom, anasema kila mama huchoka. Amejuaje yeye, sijui.

Jumatano, 12 Machi
Cherehani imevunja sindano mbili. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi
Leo nimefika kazini nikakuta duka limefungwa. Mimi hushona kwenye veranda ya duka la vitambaa la Mzee Hiram Mathenge, kule mjini Kisumu, na kwa miaka miwili sijawahi kufika kabla yake. Mkewe, Mama Gakenia, ndiye aliyekuja na funguo. Akaniambia mzee ameitwa kortini, awe mmoja wa wale wazee watatu wa baraza wanaokaa na jaji na kutoa maoni yao mwisho wa kesi.

“Kesi gani?” nikauliza, ingawa mji mzima una kesi moja tu.

“Hiyo yenu,” akasema.

Hiyo yetu, sisi Wajaluo. Nimeshona shati zima nikilitafuna hilo neno.

Ni kesi ya Ouma Nyangile, mwimbaji. Kutoka hapa mpaka Muhoroni hakuna nyumba ambayo sauti yake haijaingia. Anashtakiwa kumuua mhudumu wa baa moja ya Kisian, usiku wa Jumamosi tarehe 20 Julai mwaka jana. Msichana alikutwa asubuhi nyuma ya baa, kichwa kwenye ngazi ya saruji. Ouma anasema usiku huo alikuwa Muhoroni, akiimba kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa miwa mpaka jogoo wakawika. Serikali inasema alitoka katikati ya dansi, akaendesha gari mpaka Kisian. Walimkamata mwezi mzima baadaye.

Watu wanasema kosa lake si msichana, ni wimbo alioimba kumsema mkubwa fulani. Mimi pia naamini hivyo. Nani amewahi kuona mkubwa akisahau wimbo?

Jina la msichana nimelisoma kwenye gazeti la mteja. Nabututu. Barabarani sijasikia mtu akilitaja.

Jumanne, 18 Machi
Tom anauza kaseti kwenye meza sokoni Otonglo. Hurekodi dansi za bendi kwa radio kaseti yake, kisha anazitoa nakala. Meza inayofuata ni ya Seline wa omena, wale dagaa wa ziwani, na Seline ana mdomo.

“Mama Adero,” akaniita jana jioni, “mwambie huyo tajiri wako Mkikuyu, akimfunga Ouma asinunue omena soko hili tena.”

“Hajawahi kununua omena, Seline.”

“Ndiyo hapo sasa. Mtu asiyekula omena ataujuaje ukweli?”

Wote tukacheka. Lakini leo Mzee Mathenge alipotoka kortini na nilipomkabidhi sare zilizokwisha nilimtazama usoni kuliko kawaida. Anapima kitambaa kama siku zote, na kidole chake kikubwa hakipunji mtu. Nani ajuaye kinapima nini kule kortini.

Ijumaa, 21 Machi
Adero ana mafua. Sikulala.

Jumatatu, 24 Machi
Saa ya chakula nimekwenda kortini, Adero mgongoni. Watu wamejaa mpaka madirishani. Ouma amevaa suti ya kijivu. Akatazama upande wetu, labda alimwona Adero tu, akatabasamu, na mimi nikatabasamu kabla sijafikiri.

Sehemu moja tu ilikuwa wazi, mwisho wa benchi, karibu na mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cheusi kichwani. Nilisita.

“Kaa, mama,” akasema. “Hapa hakuna anayekaa.”

Anaitwa Nasipwondi, ametoka upande wa Bungoma. Ni mama yake Nabututu. Watu walituacha sisi wawili na nafasi ya mtu wa tatu katikati yetu na wao. Adero alipoanza kulia yule mama alimpa kidole chake akishike, akanyamaza.

Kizimbani alikuwa polisi. Wakili wa Ouma ni kijana, mwembamba, anavaa miwani. Akamtaka yule polisi asome maandishi ya mashahidi watatu waliodai kumwona Ouma Kisian. Mmoja dereva, mmoja mlinzi, mmoja muuza mayai. Maneno ni yale yale, mpaka koma. Wakili akauliza: “Hawa watu watatu wana kinywa kimoja?” Chumba kizima kikacheka, na jaji akagonga meza.

Nimerudi nina hasira. Polisi wameandika wenyewe. Huo ndio usawa? Na wakati huo huo nikamkumbuka yule mama, ambaye hakucheka.

Jumapili, 30 Machi
Pasaka. Mhubiri ameombea “ndugu yetu aliye katika majaribu.” Kila mtu akasema amina. Nami nikasema.

Jumatano, 2 Aprili
Serikali imemaliza mashahidi wake. Kesi imeahirishwa mpaka tarehe 12 Mei, ndipo Ouma ataanza kujitetea.

Leo tumepata mgeni. Ni Masinde, meneja wa bendi ya Ouma. Njia yetu yote ni tope, lakini viatu vyake vilikuwa safi mpaka chini, kwa hiyo gari lilimleta hadi mlangoni na kuondoka bila mtu kuliona. Alimwomba Tom amwonyeshe kaseti zote alizorekodi Muhoroni. Wakatoka wakazungumza nyuma ya nyumba kwa muda mrefu, chini ya mwavuli mmoja. Akiaga alinisifu: “Mama Adero, chai yako tamu.”

Kikombe chake kilikuwa kimejaa. Hakukigusa.

Jumatano, 9 Aprili
Tom amekuja na radio kaseti mpya, ya deki mbili, inayotoa nakala yenyewe kwa yenyewe.

“Imetoka wapi?”

“Kazini.”

“Kazi gani?”

“Wewe mwanamke, nisipoleta kitu unauliza, nikileta unauliza.”

Niliifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Jumatano, 16 Aprili
Tom amekwenda Muhoroni siku mbili. Anasema trekta za miwa zimekwama barabarani ndiyo maana amechelewa. Suruali yake haina tone la tope, kama viatu vya Masinde.

Jumanne, 22 Aprili
Kadi ya kliniki ya Adero haipo. Huwa naiweka kwenye mkebe wa biskuti, juu ya cheti changu cha ubatizo. Nimepekua godoro, kapu, hata debe la unga. Tom anasema panya. Panya gani anakula kadi na kuacha cheti?

Ijumaa, 25 Aprili
Kadi imerudi. Iko ndani ya mkebe, chini ya cheti. Tom anasema ilikuwa pale siku zote, mimi ndiye nina macho ya uchovu. Inawezekana. Nilimshukuru Mungu, lakini nikaangalia mikono ya Tom.

Ijumaa, 2 Mei
Niandike polepole ili nielewe mwenyewe.

Jana Adero alitimiza miezi tisa. Leo nimempeleka zahanati kupigwa sindano ya surua. Sista Elsie alichukua kadi, akaanza kunigombeza mbele ya akina mama wote.

“Umechelewa wiki mbili. Mnangoja mpaka mtoto atoke vipele ndipo mje mbio?”

“Sista, jana ndiyo ametimiza.”

“Kadi inasema tarehe kumi na nane Aprili ndiyo alitimiza. Alizaliwa kumi na nane Julai.”

“Alizaliwa tarehe moja Agosti. Alhamisi. Wewe mwenyewe ulikuwepo.”

Akanitazama. Akafungua kitabu kikubwa cha uzazi, akapitisha kidole, kikasimama. Tarehe moja Agosti. Kisha akaisogeza kadi dirishani. Pale pa tarehe karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, na wino ulikuwa wa bluu. Wao huandika kwa mweusi.

“Nani ameandika hapa?” akauliza, sauti imeshuka.

Nikasema sijui. Ulikuwa uongo, nadhani. Sista Elsie akafunga kitabu.

“Mama, mimi nimedunga sindano tu. Sijaona kitu.”

Adero alilia kidogo. Mimi nililia zaidi njiani, na sikujua kwa nini, kwa maana ni tarehe tu.

Jumamosi, 3 Mei
Sasa najua.

Kwetu dansini kuna kujisifu, pakruok. Mtu anawatuza wanamuziki, gita zinateremka chini, anashika kipaza sauti, anajitaja yeye na watu wake na jambo analojivunia. Mwimbaji anamjibu kwa jina, ndipo muziki unapanda tena. Mwanamume anaweza kukosa sukari nyumbani lakini asikose neno la kujisifu.

Mwaka jana, siku ya tatu baada ya mimi kujifungua, Tom alirudi kutoka Muhoroni asubuhi ya Jumapili, ameloa, anacheka peke yake. Akaweka kaseti. Akaniwekea karibu na mto. Nikasikia sauti yake mwenyewe: “Mimi Tom wa Otonglo, mume wa Dorca, baba wa Adero, msichana aliyezaliwa juzi, ambaye hajamaliza wiki na tayari anamshinda baba yake kelele.” Na Ouma Nyangile, Ouma mwenyewe, akajibu: “Adero, binti Tom, karibu duniani.” Nyuma jogoo anawika.

Nilikuwa siwezi hata kukaa kwa maumivu, na nilicheka. Ile kaseti ndiyo mali yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu kama kile.

Usiku ule ulikuwa wa tarehe tatu Agosti. Msichana wa Kisian alikufa tarehe ishirini Julai. Lakini kaseti haijaandikwa tarehe. Ina mtoto tu, aliyezaliwa juzi. Ukihamisha siku ya mtoto, dansi nzima inahama nayo, na Ouma anakuwa Muhoroni mpaka alfajiri usiku ule wa Nabututu.

Jumapili, 4 Mei
Sikwenda kanisani. Nilingoja mpaka majirani walipotoka, nikaweka kadi mezani.

“Tom, nirudishie siku ya mtoto wangu.”

Hakujifanya hajui. Hilo nampa. Alikaa, akashika kichwa.

“Wakili alimwambia Masinde kaseti bila tarehe ni kelele tu. Masinde akasikia yale maneno yangu ndani yake. Nitasimama Jumanne, siku ya pili ya utetezi, niseme mtoto wangu alizaliwa lini, nionyeshe kadi. Basi. Dakika kumi.”

“Kwa kiapo.”

“Na wale watatu wa polisi walikula nini, mandazi? Ulisikia mwenyewe, Dorca. Kinywa kimoja. Wao wakidanganya ni serikali, sisi tukidanganya ni dhambi?”

“Mimi sisemi Ouma aliua.”

“Basi unasema nini?”

“Nasema usiku huo wa Julai hata hukuwa Muhoroni. Ulikuwa kitandani hapo, malaria, na mimi na tumbo langu lile nakupangusa jasho. Kama Ouma alikuwa Muhoroni, atafutwe aliyemwona. Asiazimwe mtoto wangu.”

“Ni siku kumi na nne tu. Adero hata hajui.”

“Mimi najua. Siku hizo kumi na nne nilizibeba mimi.”

Akasema nina moyo mgumu. Akasema mtu akinyongwa nitaimba nini kanisani. Hilo liliniingia. Bado limo.

Nilipomwuliza, “Wewe unaamini hakuwa Kisian?” aliigeuza kadi pale mezani, akasema, “Ouma alimkaribisha Adero duniani.”

Kadi niliirudisha mkebeni mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mei
Nilimkuta Mzee Mathenge akipanga majora ya khaki.

“Mzee, nina neno.”

“La duka?”

“La korti.”

Aliinua mkono kama anayezuia gari. “Mama Adero, simama hapo. Hilo neno likiingia sikioni mwangu, mimi sifai tena kukaa pale, na ile kesi inaharibika. Kuna mawakili wawili. Wa serikali na wa mshtakiwa. Ukiwa na neno, chagua mmoja.”

“Na kama neno ni zito?”

“Zaidi basi. Na ukirudi, usiniambie umekwenda kwa nani.”

Akaendelea na majora yake. Mikono ilikuwa imetulia kabisa. Nimeshona nikiwaza: mtu asiyetaka kujua anaogopa nini? Au labda huyu ndiye mtu wa kwanza katika kesi hii anayeogopa kitu cha haki.

Jumanne, 6 Mei
Mvua ya mawe. Bati linavuja juu ya kitanda.

Alhamisi, 8 Mei
Kwa wakili wa serikali sikwenda. Wangemfunga Tom, na mimi sikumlea mtoto ili baba yake awe Kodiaga gerezani. Nimekwenda kwa yule kijana mwenye miwani, ofisi yake iko juu ghorofani, ngazi nyembamba. Karani aliniuliza nina miadi. Nikamwambia nina mtoto. Akaniruhusu.

Wakili alinisikiliza bila kuandika. Nilimweleza kujisifu, kadi, kitabu cha Sista Elsie. Alivua miwani, akaitazama kadi karibu na pua.

“Nani mwingine anajua?”

“Mume wangu. Na aliyemtuma.”

“Mama, unaelewa umefanya nini? Ungenyamaza siku tano tu, mteja wangu angeweza kurudi nyumbani. Mimi sikujua. Sasa umenijulisha, siwezi tena kuipeleka kaseti mbele ya jaji. Umenizibia njia.”

“Ndiyo maana nimekuja.”

“Wale mashahidi wa polisi ni wa uongo. Nina hakika. Wawili angalau.”

“Wawili kati ya watatu?”

Akavaa miwani yake. Nilimwuliza polepole, kama ninavyomwuliza Adero ameficha nini mdomoni: “Wakili, kama Ouma alikuwa Muhoroni kweli, na bendi nzima ilimwona, kaseti ya uongo ni ya nini?”

“Nenda nyumbani, mama,” akasema. Hakusema kwa hasira. “Mumeo hataitwa. Sitasema sababu.”

Kadi alinirudishia. Kwenye ngazi nilikaa, na Adero akadhani tumefika akataka kunyonya. Nikamnyonyesha pale pale.

Jumatatu, 12 Mei
Wakili wa Ouma amesimama akasema kwamba kaseti ya Muhoroni, ambayo Masinde ameitangaza mji mzima, haitaletwa. Neno moja tu. Watu wamepiga kelele mpaka askari wakawatoa wa nyuma.

Tom ameijua sababu bila kuambiwa. Hakunipiga, hakunitukana. Alikunja blanketi akaenda kwa mama yake.

Jumatano, 14 Mei
Jumatatu watu walisema wakili ameacha kaseti. Jana walisema jaji ameikataa. Leo imechomwa moto nyuma ya korti. Aliyeiona ikichomwa ni binamu wa Seline.

“Alikuwa mbali kiasi gani?” nikamwuliza.

“Moshi hauhitaji karibu, Mama Adero.”

Kila mtu ana huruma na Ouma, na mimi ndiye ninayejua kwamba jaji hakukataa kitu. Nikifungua mdomo, Tom ameharibikiwa. Nikiufunga, uongo unanenepa. Nimeufunga.

Jumamosi, 17 Mei
Tom amerudi kuziba bati linalovuja. Alipomaliza alikula, na alipomaliza kula alibaki. Hatusemezani isipokuwa kwa kupitia mtoto. “Adero, mwambie mama yako chumvi.”

Jumanne, 20 Mei
Wazee wa baraza wametoa maoni. Nilikuwepo. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Mathenge, na kulikuwa na mtu nyuma yangu aliyeanza kuzomea kabla hajafungua kinywa. Akasema: “Naona hana hatia ya kuua. Siwezi kuamini watu watatu wenye maneno ya mtu mmoja.” Akakaa. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu, mzee wa kwetu kabisa, mla omena, akasema ana hatia.

Mji haujui useme nini. Nikamwuliza Seline.

“Huyo Mkikuyu amehongwa,” akasema.

“Na nani?”

Akafikiri. “Na sisi.”

Jumatatu, 26 Mei
Hukumu. Maoni ya wazee hayamfungi jaji, na jaji amekwenda njia yake. Amesema mashahidi wawili wa serikali amewatupa, hawaamini. Wa tatu, muuza mayai, amemwamini, kwa sababu kizimbani alitaja jeraha la mkono wa Ouma ambalo polisi hawakuwa wameliandika popote. Amesema si kuua kwa kukusudia. Walikosana, akamsukuma, akaanguka kwenye ngazi. Miaka tisa.

Kabla ya miaka kutajwa, wakili alisimama kuomba huruma. Alisema ana watoto, hana kosa la nyuma, na kwamba anajuta sana.

Anajuta nini, kama alikuwa Muhoroni?

Nilitazama kulia na kushoto nione nani mwingine amesikia. Walikuwa wanalia. Ouma aliinamisha kichwa, na safari hii hakutazama upande wetu. Lakini mtu aliyechoka kukaa rumande miezi tisa anaweza kujuta kitu chochote wakimwambia kitampunguzia. Hata hilo nimelifikiria. Sina hakika, na nadhani sitakuwa nayo.

Nje walimzunguka Nasipwondi. “Rudi kwenu umeshiba,” mmoja akamwambia. Nilimshika mkono nikamtoa mpaka stendi ya mabasi. Hakuniuliza mimi ni nani.

“Wanasema miaka tisa ni mingi,” akasema.

“Ndiyo wanasema.”

“Yeye alikuwa na kumi na tisa.”

Nikambebea mzigo mpaka ndani ya basi. Ulikuwa mwepesi sana.

Jumamosi, 31 Mei
Mvua zinapungua. Sare za muhula mpya. Sina nguvu ya kuandika.

Jumamosi, 7 Juni
Wiki nzima deki mbili imezunguka kutwa. Nilidhani ni nyimbo za kawaida. Leo nimefika sokoni kumpelekea Tom chakula, nikakuta msururu kwenye meza yake, na kwenye kila kaseti karatasi nyekundu: ILE ILIYOKATALIWA. Inapigwa kutoka meza yake, kutoka kinyozi, kutoka kwa muuza soda. Sauti ya mume wangu, mara tatu, zikifuatana kama mwangwi: msichana aliyezaliwa juzi.

Mwanamke nisiyemjua alinigusa begani. “Huyu ndiye mtoto wa kaseti?” Akamtazama Adero kama mtu anayetazama kaburi la mtakatifu. “Mungu anaona. Mtoto huyu angemwokoa.”

Nilingoja mpaka nyumbani.

“Nilidhani sote tumenyamaza, Tom.”

“Mimi nimenyamaza. Kaseti ndiyo inasema.”

“Inasema uongo.”

“Haina neno moja la uongo. Isikilize mwanzo mpaka mwisho. Wao ndio wanaihesabia siku.”

Ni kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Kitu kilichosemwa kwa furaha, kwa ajili yangu na mtoto, kimegeuzwa bila kubadilisha hata neno.

Jumatano, 11 Juni
Wageni wawili wametoka Kisian kumwona Adero. Wakamletea ndizi. Mmoja alimwita shahidi.

Jumamosi, 14 Juni
Soko lilikuwa limejaa leo, jua kali, tope limeanza kupasuka. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya Tom, Adero akitambaa kwenye gunia. Sehemu ile ya kaseti ikafika, gita zikashuka, na Seline akamnyanyua mtoto wangu juu kabisa, juu ya vichwa vya watu.

“Mnauliza ushahidi? Huu hapa. Waliukataa.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Adero akashtuka, akanitafuta kwa macho, akaanza kulia akiwa kule juu.

Nilisimama nikamchukua. Nilimkumbatia mpaka akatulia, kisha nikasema, si kwa kelele, lakini walikuwa karibu: “Mtoto huyu alizaliwa tarehe moja Agosti. Msichana wa Kisian alikuwa amekufa siku kumi na mbili. Kaseti haikukataliwa na jaji. Mimi ndiye niliyemwambia wakili wa Ouma, na wakili akaiacha. Zahanati wana kitabu, nendeni mkasome. Na yule msichana alikuwa na jina. Nabututu.”

Seline alinishika mkono kwa upole kabisa. “Mama Adero, umechoka wewe. Unanyonyesha na kushona na jua hili. Kaa chini.”

“Nimechoka, Seline. Lakini tarehe naijua.”

“Nani amekulipa?” mtu akauliza kutoka nyuma.

“Anashona kwa yule mzee wa baraza,” mwingine akajibu. “Mnauliza nini tena?”

“Huyo mzee si alisema hana hatia?”

“Ndiyo akili yao hiyo.”

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kaseti mbili mkononi akamgeukia Tom. “Bwana, wewe ndiye mwenye mtoto. Mkeo anasema kweli?”

Watu wakanyamaza wote, isipokuwa Tom aliyeko ndani ya radio, ambaye aliendelea kujisifu. Sikumtazama Tom huyu wa nje. Niliogopa nikimtazama itakuwa kama kumwomba, na sikutaka kumwomba.

Akabonyeza radio ikazimika.

“Siku ya mtoto anaijua mama yake,” akasema. “Ndiyo kweli. Ilikuwa Agosti.”

Yule mzee akarudisha kaseti mezani, zote mbili, akaondoka. Kijana mmoja akazichukua zile zile akazinunua, akasema sasa anaelewa, nyumba nzima imenunuliwa, mume na mke. Seline alihamisha omena zake hatua tatu mbali na sisi. Labda kesho atazirudisha. Labda hatazirudisha.

Tulifunga mapema. Tom alibeba meza kichwani, mimi nikabeba mtoto, na radio tukaishika mimi upande huu na yeye upande ule. Njia nzima hakuna aliyetusalimu. Tulipofika mlangoni akatua meza, akajipangusa jasho, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

“Alizaliwa asubuhi au mchana? Nimejaribu kukumbuka tangu sokoni.”

Nikamwambia.